Gauni la Desemba

Mwezi wa nne mwaka jana, dada mmoja aliingia kwenye kibanda cha mamangu Kayole akiwa na yadi sita za kitenge kwapani. Alikuwa anaolewa Desemba. Alitaka gauni la mabega wazi, lenye mkia lakini usiwe mrefu sana, kwa sababu sherehe ingekuwa kijijini na huko kuna vumbi. Mama alimsikiliza, akatoa tepu shingoni, akampima kifua, kiuno, nyonga. Mimi nilikuwa kwenye benchi nikikata nyuzi zilizobaki kwenye sare za shule. Alipofika begani akasimama. Akaikunja tepu polepole kwenye kiganja mpaka ikawa kama kipira.

"Desemba ni mbali," akasema. "Sitaki kukudanganya, dada. Tafuta fundi mwingine."

Mamangu ameshona Kayole miaka 22. Sijawahi kumwona akimrudisha mteja. Hata wale wa "nitakutumia jioni" ambao jioni yao haifiki, bado huwapima. Na wiki mbili tu kabla ya siku hiyo, daktari alikuwa ametazama skani yake akasema haoni kitu cha kutia wasiwasi. Ukoo mzima ulishamshukuru Mungu kwenye grupu ya WhatsApp. Kulikuwa na mikono ya kupiga makofi mpaka simu yangu ikaganda.

Usiku huo tulipokuwa tunakula nilimuuliza kwa nini alimfukuza yule dada.

"Sikumfukuza. Nilimwambia ukweli."

"Ukweli gani? Daktari si alisema uko sawa?"

Akameza tonge lake kwanza. "Alisema haoni. Hakusema hakuna."

Sikuwa na jibu. Ningekuwa nalo, pengine nisingeandika hii.

*

Ilianza Februari mwaka juzi. Uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya hindi, hauumi. Ungekuwa unauma angeenda hospitali mapema, aliniambia baadaye, maana maumivu ni kitu unajua utakifanyia nini. Walimchoma sindano wakatoa kinyama kidogo, wakasema majibu ni baada ya wiki mbili. Zikawa tatu. Majibu yakaja: saratani. Lakini kinyama lazima kirudi maabara, ijulikane ni saratani ya aina gani, inalishwa na homoni au hailishwi. Subiri tena. Halafu skani, ijulikane kama imesambaa. Subiri.

Nilikuwa nadhani kansa ni kitu kimoja unachoambiwa siku moja, kama kwenye filamu: daktari anavua miwani, mgonjwa analia, muziki unaanza. Kwetu ilikuja kwa vipande. Kila bahasha ilikuwa na jibu moja na maswali matatu.

Kuna bahasha moja mama alikaa nayo usiku mzima bila kuifungua. Aliiweka juu ya cherehani, akaifunika na kitambaa kama tunavyofunika mkate. Nilipomuuliza, alisema: "Ikiwa imefungwa bado naweza kuwa mzima." Sikumwelewa. Nilimwona kama mtu anayejificha. Mimi nilitaka kujua haraka, nijue tunapigana na nini.

Kwa hiyo nikawa naingia Google usiku, bando likiisha nanunua lingine. Nilijifunza kwamba kwa makadirio ya mwaka 2022, Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000 kwa mwaka, na vifo zaidi ya 29,000. Nilijifunza kwamba ya matiti ndiyo inayoongoza. Nilijifunza maneno kama hatua ya pili, tezi za kwapani, vipokezi. Nilijua asilimia ya wanaoishi miaka mitano. Lakini asilimia huhesabiwa kwa watu wengi, na mama ni mmoja. Hata wangeniambia themanini kwa mia, hakuna aliyeweza kuniambia kama yumo kwenye themanini au kwenye ishirini. Saa tisa usiku, niamini, unaona ishirini peke yake.

Mama hakuingia Google. Yeye alikuwa na Julai 2019. Kama uko na umri wa kukumbuka, unakumbuka: tarehe 1 akaondoka Bob Collymore wa Safaricom, tarehe 26 Ken Okoth, mbunge wa Kibra, tarehe 29 Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Watatu ndani ya mwezi mmoja, wote saratani, wote walikuwa wametafuta matibabu hadi nje ya nchi. Tuliangalia mazishi kwenye televisheni ya jirani. Somo ambalo mitaa yetu ilibeba siku zile lilikuwa fupi: kama hao na pesa zao hawakutoboa, wewe wa Kayole ni nani? Kwa hiyo mama alipoambiwa jina la ugonjwa, alikuwa na hitimisho tayari. Wiki mbili za kwanza alikuwa mtulivu kiasi cha kunitisha. Alipanga vyeti vyake. Alinionyesha nguo atakayovaa. Kifo alikuwa amekikubali.

Kilichomvuruga ni pale daktari aliposema kuna nafasi nzuri.

*

Kemo yake ilikuwa kila wiki tatu, mara nane. Lakini ile "kila wiki tatu" ni ya kwenye karatasi. Kabla ya kila kemo unapimwa damu, na chembe nyeupe zikiwa chini, hutundikiwi dawa. Unarudi nyumbani. Sasa fikiria maandalizi. Tunaamka saa kumi, tunapanda matatu ya kwanza, uji kwenye thamosi, leso mbili, ndoo ndogo ya kutapikia wakati wa kurudi. Jirani ameombwa aangalie kibanda. Mimi nimeomba ruhusa kazini. Roho yenyewe imejipanga, maana ile dawa nyekundu huwezi kuiendea hivi hivi. Halafu saa sita mchana sista anatoka: chembe ziko chini, rudini wiki ijayo.

Mara ya kwanza nilifurahi kwa niaba yake. Nikamwambia angalau leo hutatapika. Aliniangalia kama nimemtukana.

"Kutapika najua kunaisha siku ya nne," akasema. "Hii ya rudi-wiki-ijayo inaisha lini?"

Nimefikiria sana hayo maneno. Watu wakikuuliza habari za mgonjwa wa saratani huuliza nywele, huuliza chakula, huuliza kama anatapika. Hivyo vyote vilikuwepo. Lakini mama angekuwa na kalenda ya mateso iliyonyooka, angeivumilia. Ameshona sare usiku kucha kila Januari tangu nizaliwe, kuvumilia anajua. Alichokosa ni mahali pa kuegemeza huo uvumilivu.

Baada ya kemo, upasuaji Novemba. Baada ya upasuaji, mionzi. Halafu skani ya mwezi wa nne, na kidonge kimoja kila siku kwa miaka isiyopungua mitano. Ripoti ikasema vizuri. Na hapo ndipo, kwa macho yangu, maisha yake yalianza kupungua.

Kwanza sikugundua, kwa sababu yalipungua kwa vitu vidogo. Sukari alikuwa ananunua kilo mbili. Akaanza kununua nusu. Viatu vyake vilitoboka, nikamwambia twende Gikomba, akasema hivi vitatosha. Kwenye chama zamu yake ya kupokea ilikuwa Novemba. Akajitoa kimyakimya, mwenzake akachukua nafasi. Maneno kama "mwaka ujao" yalihama kinywani mwake. Mtu akisema "tukijaliwa Krismasi" anaitikia, lakini macho yanaenda kwa dirisha. Kisha akaja yule dada wa kitenge.

Na mwili wenyewe ulikuwa umegeuka kuwa barua ambayo haijui kusoma. Mgongo ukiuma, je, ni cherehani au imeingia mifupani? Akikohoa, ni vumbi la pamba au ni mapafu? Akiloa jasho usiku, ni kile kidonge, ni umri, au ni yenyewe imerudi? Zamani mgongo ukimuuma alikuwa anajinyoosha na kuendelea. Sasa alikuwa ananyamaza, anausikiliza. Unaweza kumwona mtu akisikiliza mgongo wake. Kichwa kinainama upande mmoja kidogo.

*

Sisi tuliokuwa karibu naye tulifanya nini? Tulimletea uhakika, kila mtu na wake. Pasta aliweka mkono kichwani akatangaza kwamba ameshapona, asiwe na shaka, shaka ni adui. Shangazi akaleta majani ya stafeli ndani ya mfuko wa Naivas na ushuhuda wa mwanamke fulani wa Tala ambaye alikunywa hayo tu. Mjomba akatuma sauti ya dakika saba kuhusu sukari. Na mimi, mwenye Google, nilikuwa na sala yangu fupi kuliko zote: "Utakuwa sawa, mathe." Nilisema asubuhi, nilisema kwenye matatu, nilisema akiwa hajauliza.

Siku chache baada ya kumrudisha yule dada niliisema tena, akiwa anapanga vifungo kwa rangi. Akapiga meza.

"Wewe ni nani uniambie nitakuwa sawa? Umeona wapi?"

"Mum, najaribu tu kukutia moyo..."

"Ukisema hivyo mimi nanyamaza. Unajua kwa nini nanyamaza? Naona huyu mtoto, nikimwambia naogopa, atavunjika. Kwa hivyo nabeba yangu, nabeba na yako."

Vifungo vilikuwa vimemwagika. Tuliokota wote wawili bila kuongea. Nilikuwa na miaka 27 na nilikuwa nimetumia mwaka mzima kumfunga mamangu mdomo kwa maneno mazuri.

Binamu yangu anasomea uuguzi. Nilipomsimulia, alinitajia jina nisilolijua: Merle Mishel, muuguzi na msomi wa Marekani. Mwaka 1981 Mishel alichapisha kipimo cha kutojua kunakoletwa na ugonjwa, na mwaka 1988 akachapisha nadharia yake. Kwa maneno ya binamu yangu, aliyekuwa anaongea huku anakula chapati, wazo ni hili: kuna shida ya ugonjwa, na kuna shida ya kushindwa kujua kinachokupata kina maana gani. Dalili hazieleweki, matibabu yana mambo mengi, habari hazitoshi, kesho haitabiriki. Huko kutojua peke yake si kubaya wala si kuzuri. Inategemea mtu atakuona vipi, kama hatari au kama nafasi.

Nikakumbuka ile bahasha juu ya cherehani. Ikiwa imefungwa bado naweza kuwa mzima. Mama hakuwa anajificha. Alikuwa anakaa usiku mmoja zaidi ndani ya ile nafasi.

Binamu akaongeza kwamba mwaka 1990 Mishel mwenyewe aliirekebisha nadharia yake. Mwanzoni alikuwa amefikiri kwamba lengo ni mgonjwa arudi kwenye uthabiti wake wa zamani. Lakini kwa wale ambao ugonjwa wao hauna tarehe ya mwisho, uhakika haurudi. Wanachoweza ni kufika polepole mahali ambapo kutojua kunakuwa sehemu ya kawaida ya maisha. Na kufika huko kunahitaji watu: jamaa wanaosikiliza, na wataalamu wanaoaminika.

"Wanaoaminika," nikarudia.

"Eeh. Sio wanaofurahisha," akasema, akachukua chapati yangu.

*

Julai tulikuwa na kliniki. Tukiwa kwenye foleni alikuja kijana mmoja mwenye beji na karatasi, mwanafunzi anayefanya utafiti, akamwomba mama ruhusa ya kumuuliza maswali kuhusu ubora wa maisha. Lilikuwa dodoso la maswali 30, lile linalotumika nchi nyingi kwa wagonjwa wa saratani. Mama ni mtu wa kusaidia wanafunzi, akakubali. Akajibu kuhusu kutembea, usingizi, hamu ya chakula, pesa. Maswali mawili ya mwisho yanataka alama, kutoka 1 hadi 7: afya yako kwa jumla, halafu maisha yako kwa jumla, katika wiki iliyopita.

Mama alifikiri. Foleni yote ya benchi letu ilikuwa inasikiliza, tusidanganyane.

"Nikujibu saa hii ama nikishatoka kwa daktari?"

Kijana akasema ni ya wiki iliyopita, mama, si ya leo.

"Ndiyo nakuuliza. Daktari akisema iko sawa, basi wiki iliyopita nilikuwa sita, nilikuwa nahangaika bure. Akisema imerudi, nilikuwa mbili na sikujua. Nikuandikie gani?"

Mama mmoja aliyevaa kilemba cha maua upande wa pili akacheka mpaka akajishika ubavu. "Mwandikie nne," akasema. "Sisi wote hapa ni nne."

Kijana akaandika nne. Sijui nambari hiyo iliishia kwenye jedwali gani, lakini nikiwahi kuulizwa kutojua kunafanya nini kwa maisha ya mgonjwa, nitasimulia hiyo. Kunachukua hata siku zilizopita. Unakula wiki nzima, unalala, unashona, na bado huwezi kusema ilikuwa wiki nzuri mpaka mtu mwingine afungue faili.

Daktari wa siku hiyo alikuwa mgeni kwetu, mwanamke, pengine ananizidi miaka kumi. Alivuta kiti akaketi upande wetu wa meza. Mama akamuuliza lile swali ambalo mwaka mzima nilikuwa namzuia kuuliza.

"Daktari, niambie. Itarudi?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwekea mkono pajani. Daktari akasema, "Sijui, mama."

Nilitaka kumkasirikia. Lakini hakuishia hapo. Akachukua karatasi akaanza kusema, akihesabu kwa vidole. Ninachojua: uvimbe ulitolewa wote, na skani haionyeshi kitu. Ninachojua: saratani ya aina yako inaweza kurudi hata baada ya miaka mingi, na kidonge hiki kinapunguza hiyo hatari, hakiiondoi kabisa. Nisichojua: kama wewe utakuwa kati ya wale inaowarudia. Hakuna kipimo cha kuniambia hilo leo. Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia: maumivu gani ya kujali. Maumivu mapya ya mfupa yasiyoisha, yanayozidi wiki hadi wiki. Kikohozi kisichopona. Pumzi kukatika. Uvimbe mpya kifuani au kwapani. Uzito kupungua bila sababu. "Ukiona hivyo usingoje kliniki, njoo. Mgongo wa cherehani unaokuuma jioni na asubuhi umeisha, huo ni wako na cherehani yako." Akaandika tarehe ya kurudi.

Ilichukua dakika kumi hivi. Hakutupa habari njema hata moja ambayo hatukuwa nayo.

Kwenye matatu mama alikaa dirishani, akaniambia bila kunitazama: "Unajua kitambaa ukikikata ukakiacha bila ovaloku? Kinafumuka chenyewe. Hata usipokishika. Huyo daktari amenipigia ovaloku."

"Lakini hajui, mum. Amesema hajui."

"Ndiyo. Lakini sasa najua kutojua kwake kunaishia wapi."

*

Singependa udhani baada ya hapo kila kitu kilikaa sawa. Kuna usiku bado namsikia akiamka. Wiki ya kabla ya kliniki huwa hatuongei naye vizuri, anakuwa mkali, chumvi inazidi kwenye mboga. Jirani mmoja tuliyefahamiana naye kwenye foleni ya kemo alifariki Septemba, na mama hakushona siku tatu. Lakini akikohoa sasa, anahesabu siku. Zikipita, anacheka peke yake.

Mimi pia nilijifunza kusema lile neno. Akiniuliza "unadhani nitamwona mtoto wako?" naye najua sina hata mchumba, namwambia sijui. Halafu tunakaa nalo. Mara nyingine analia kidogo, mara nyingine anauliza hiyo shida ya mchumba ni nini hasa.

Yule dada wa kitenge hakurudi. Nilimtafuta Agosti, nikapata ameshampa fundi mwingine kazi. Desemba aliweka picha za harusi kwenye statasi. Nikamwonyesha mama, nikiwa naogopa kidogo. Alikuza picha kwa vidole viwili, akavaa miwani.

"Mkono wa kushoto unavuta," akasema. "Hakuacha nafasi ya kupumua." Na aliendelea kunung'unika kuhusu huo mkono mpaka jioni. Sijawahi kufurahia kusikia mtu akisengenywa namna hiyo.

Lakini kabla ya hapo, Oktoba, mwalimu wa shule moja ya karibu alikuwa amekuja na oda ya sare arobaini za kuchukuliwa Januari. Nilikuwa kwenye benchi langu. Mama alitoa tepu, akaikunja, akaikunjua. Akachukua daftari. Akaandika jina la shule, idadi, vipimo, pesa za kuanzia. Chini yake akaandika jina la fundi wa kibanda cha tatu kutoka chetu, na nambari yake ya simu.

"Huyu ni nani?" mwalimu akauliza.

"Huyo ni wa kumalizia, nikishindwa. Nimeshaongea naye, anajua. Pesa yako haitapotea."

Mwalimu akamtazama, akanitazama mimi, akatia sahihi.

Zilitoka zote arobaini kwa mkono wake, usiku kucha kama kila Januari. Jina la yule fundi halijafutwa kwenye daftari. Mama amelibeba hadi ukurasa wa pili, kwa sababu shule imeagiza sweta za muhula ujao. Kliniki ni Jumanne.